Ulinganisho: St. Louis Blues ya 1929 au ya 1958, ipi inafaa kununuliwa kwa onyesho?

Koneti_Machame

Habari za jioni wanajukwaa. Nina uamuzi wa kufanya kabla ya mwisho wa mwezi, na ningependa kuwasikia wale waliokwisha kuziona filamu hizi. Tumechanga fedha za kununulia filamu moja ya kuonyesha ukumbini, na tumekubaliana kwamba imhusu W. C. Handy, mtunzi ambaye Wamarekani humwita Baba wa Blues. Katika kutafuta nimekuta filamu mbili zenye jina lilelile la wimbo wake mkubwa. Moja ni ya mwaka 1958, ambamo Nat King Cole anaigiza kama Handy mwenyewe, akiwa pamoja na Eartha Kitt, Ruby Dee, Pearl Bailey, Cab Calloway, Mahalia Jackson na Ella Fitzgerald. Nyingine ni ya mwaka 1929, ni fupi, na mwimbaji wake ni Bessie Smith. Fedha zilizopo zinatosha diski moja tu pamoja na gharama za kuisafirisha. Ipi ina thamani zaidi?

Santuri_78

Chukua ya 1929 bila kusita. Hiyo ndiyo filamu pekee ambamo Bessie Smith anaonekana, na kwa kuwa alifariki mwaka 1937 baada ya ajali ya gari huko Mississippi, hakuna mahali pengine popote ambapo utamwona akiegemea kaunta na kufungua kinywa chake kuimba. Inachukua takriban robo saa. Iliongozwa na Dudley Murphy, kwenye piano yupo James P. Johnson, na nyuma ya sauti ya Bessie kuna kwaya kubwa ambayo Handy mwenyewe alishiriki kuipangia muziki. Mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika ile ya 1958 unamwona mtu aliyevaa nafasi ya Handy. Katika hii unasikia kazi ambayo Handy aliigusa kwa mikono yake akiwa bado na nguvu zake.

Mama_Alto

Ndugu Koneti, kabla watu hawajaanza kuvutana, hujatuambia mambo ya msingi. Ukumbi huo ni wa nani? Watazamaji ni akina nani na wana umri gani? Mtaonyesha kwa deki au kwa kompyuta? Nauliza kwa sababu filamu anayoisifu Mzee Santuri inaanza na watu wanaocheza kamari ya dadu, ina mwanamume anayempiga mpenzi wake na kumwacha sakafuni, ina ulevi, na baadaye mwanamume huyohuyo anarudi, anacheza naye dansi kwa upole, kisha anamchomolea fedha zake na kuondoka. Sisemi kwamba ni filamu mbaya. Ni kazi kubwa inayoumiza moyo. Lakini mtu hawezi kuipendekeza kwa ukumbi asioujua.

Piano_Upanga

Nami nasubiri majibu hayo, ila niseme mapema kwamba kura yangu ni ya 1958, na sababu yangu ni Nat King Cole mwenyewe. Handy alizaliwa Florence, Alabama, tarehe 16 Novemba 1873, mtoto wa mchungaji. Cole alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1919, naye ni mtoto wa mchungaji, na mama yake alikuwa mpiga ogani wa kanisa. Aprili 1956 alivamiwa jukwaani na wabaguzi akiwa anaimba Birmingham, katika jimbo lake la kuzaliwa. Kipindi chake cha televisheni kilichoanza mwaka huohuo kilikwisha Desemba 1957 kwa kukosa mdhamini wa kitaifa, kwa kuwa makampuni yaliogopa kuonekana yakimdhamini mtu mweusi. Miezi michache baadaye anatokea kwenye filamu akiigiza mwana wa mchungaji anayeambiwa kwamba muziki wake ni wa shetani. Wahakiki wamesema ameigiza kwa upole kupita kiasi. Mimi nauona upole ule kuwa ni wa mtu anayejua anachokiigiza, na kila anapokaa kwenye piano maneno hayahitajiki tena.

Koneti_Machame

Shikamoo Mama Alto, na ahsanteni nyote. Ukumbi ni wa usharika wetu. Watazamaji ni vijana wa kikundi cha tarumbeta, wengi wao wakiwa wa shule ya sekondari, pamoja na wazazi wao, na Mchungaji amekubali kuhudhuria. Deki ni ya kawaida, ilinunuliwa hapa mjini, na projekta tutaazima. Sababu ya kumchagua Handy ni kwamba alikuwa mpiga koneti, yaani tarumbeta fupi, na koneti ndiyo wanayoishika vijana hawa kila Jumapili. Kwetu kuna mjadala ambao haujaisha, ambapo baadhi ya wazee wanashikilia kwamba tarumbeta zilipokelewa kwa ajili ya nyimbo za ibada na mazishi, na vijana wanaomba ruhusa ya kupiga na nyimbo nyingine kwenye harusi na mikutano. Nilifikiri filamu ya mtu aliyepitia jambo hilo ingesaidia mazungumzo.

Mama_Alto

Marahaba mwanangu. Maelezo hayo yalipaswa kuwa ya kwanza, kwa sababu yanabadilisha kila kitu. Basi ya 1929 ondoa, angalau kwa siku hiyo. Hata ya 1958 ifikirie vizuri, maana Mchungaji wenu atakaa mbele na kumtazama mchungaji mwenzake, Charles Handy, anayeigizwa na Juano Hernandez, akimpinga mwanawe kwa ukali kwa sehemu kubwa ya filamu. Wapo watakaoona kwamba amealikwa ili asutwe hadharani. Jambo linaloiokoa ni kwamba filamu haimdharau yule baba. Hernandez anampa heshima, mwishoni anafika New York, anaisikia kazi ya mwanawe ikipigwa na okestra kubwa, na wanapatana. Halafu yupo Mahalia Jackson, ambaye maisha yake yote alikataa kuimba blues na kubaki na nyimbo za Mungu, na hata katika filamu hii anabaki upande wa kanisa. Wazee wenu watamwelewa kabla ya kumwelewa mtu mwingine yeyote.

Msomi_wa_Nota

Naomba kupinga, na nitapinga kwa hoja. Ikiwa lengo ni vijana wajifunze maisha ya Handy, filamu ya 1958 itawapotosha. Ukiitazama utadhani kila kitu kilitokea Memphis, na kwamba kizuizi pekee maishani mwake kilikuwa baba. Handy aliishi kwa kutembea. Alizunguka na kundi la maonyesho la Mahara, aliongoza bendi Clarksdale katika Mississippi kuanzia mwaka 1903, na ni katika kipindi hicho, akisubiri treni iliyochelewa kwenye stesheni ya Tutwiler, ndipo alipomsikia mtu mwenye nguo chakavu akipiga gitaa kwa kukandamiza kisu juu ya nyuzi na kurudia mstari mmoja mara tatu kuhusu mahali ambapo reli mbili zinapishana. Alisimulia hayo mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1941. Yule mtu asiyejulikana jina ndiye mlango wa habari yote. Handy alikuwa msomi wa nota aliyesikia watu wasioandika, akaandika.

Suala la macho nalo limegeuzwa. Katika filamu anapoteza uwezo wa kuona akiwa bado kijana wa kazi, kisha unamrudia kama ishara ya kiroho. Kwa kweli macho yalimsumbua kwa miaka mingi, na upofu kamili ulimpata baada ya kuanguka kutoka jukwaa la stesheni ya treni za chini ya ardhi New York mwaka 1943, akiwa na umri wa karibu miaka 70, na haukuondoka tena. Hata wimbo wa Memphis Blues una historia ambayo vijana wangeipenda kuliko mapenzi ya kubuni na mwimbaji wa klabu. Ulianza mwaka 1909 kama wimbo wa kampeni ya E. H. Crump aliyegombea umeya wa Memphis, ukachapishwa mwaka 1912, na Handy akauuza kwa dola 50 tu, wengine wakatajirika. Kwa uchungu huo aliamua kuchapisha kazi zake mwenyewe, akaingia ubia na Harry Pace, na St. Louis Blues ilipotoka mwaka 1914 ilikuwa mali yake. Hapo ndipo penye somo kwa kijana yeyote anayetunga wimbo leo.

Piano_Upanga

Mwalimu, yote uliyosema ni sahihi na sina la kusahihisha. Lakini filamu ya saa moja na nusu haiwezi kubeba kitabu kizima, na ndugu yetu hakuomba somo la historia pekee. Anataka vijana wakae, wasikie, na watamani kupiga. Nitajie filamu nyingine ambamo kijana wa Machame atawaona Cole, Ella, Mahalia, Eartha Kitt na Pearl Bailey kwa jioni moja, na Handy akiwa mtoto anaigizwa na Billy Preston ambaye baadaye alikuja kuwa mpiga ogani mkubwa. Usahihi wa tarehe unaweza kusemwa na mtu mmoja kwa dakika kumi kabla ya taa kuzimwa. Sauti ya Ella haiwezi kusimuliwa.

Msomi_wa_Nota

Dakika kumi husahauliwa, picha inabaki. Nimefundisha vya kutosha kujua kwamba mwanafunzi akishamwona Handy akiponywa macho kanisani, hakuna maelezo yatakayoiondoa picha ile. Ninachoumia zaidi ni kisa cha utotoni ambacho ni cha kweli na kina nguvu kuliko vyote vilivyobuniwa. Kijana yule alidunduliza fedha zake akanunua gitaa, akalipeleka nyumbani kwa furaha, na baba akamwamuru alirudishe dukani na kulibadilisha kwa kamusi. Kisha baba huyohuyo akamlipia masomo ya ogani. Ndani ya kisa hicho mnapata ukali, mnapata na upendo wa mzazi aliyetaka mwanawe asome, na Mchungaji wa Machame angekisikiliza bila kujiona ameshambuliwa.

Fundi_Projekta_Tanga

Wakati mnajadili sanaa, mimi naomba niwaonye kuhusu ununuzi wenyewe, kwa sababu jambo lililotupata sitaki limpate mtu mwingine. Tuliandaa jioni kama hii kwa ajili ya chama chetu cha muziki, tukaagiza St. Louis Blues kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye sitamtaja. Tulilipa mapema. Kifurushi kilikawia njiani hata tukaahirisha onyesho, na kilipofika posta tulitakiwa kulipia ushuru ambao hatukuwa tumeutengea fungu. Tukalipa, tukatangaza tarehe mpya, watu wakaja na familia zao. Nikaingiza diski kwenye deki, na kilichotokea kwenye ukuta mzima ni maandishi yanayosema kwamba diski hiyo hairuhusiwi katika kanda yetu, yaani eneo la dunia ambalo diski hutengenezewa. Hapa kwetu tumo katika kanda namba 5, na diski za Marekani hutengenezwa kwa kanda namba 1. Kijana mmoja alikimbia kuleta kompyuta, tukasubiri, watoto wakaanza kulala mapajani mwa mama zao.

Picha ilipotokea hatimaye, tuliona meli ya maonyesho ikielea mtoni na mwanamke mzungu akiimba. Nilidhani ni utangulizi. Tulitazama karibu nusu saa tukimngojea Nat King Cole, hadi mzee mmoja aliposimama akauliza Handy ataingia lini. Muuzaji alikuwa ametutumia filamu ya 1939 yenye jina hilohilo, ya Dorothy Lamour, ambayo haihusiani na maisha ya Handy hata kidogo. Maxine Sullivan yumo na anaimba vizuri, lakini hatukuwa tumekusanya watu kwa ajili hiyo. Nilipomwandikia muuzaji alijibu kwamba jina la filamu ni sahihi na kwamba bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi. Fedha za wanachama zilipotea, na wapo ambao hawajahudhuria jioni zetu tangu siku ile.

Kwa hiyo, Ndugu Koneti, kabla hujalipa, mtake muuzaji akupigie picha jalada mbele na nyuma, usome mwaka, jina la mwongozaji, ambaye kwa hii ya 1958 ni Allen Reisner, na namba ya kanda. Pia jaribu deki yako kwa diski yoyote ya kanda 1 mapema, kwa sababu deki nyingi za mitaani husoma kanda zote na nyingine hazisomi.

Dada_Mwangaza

Pole sana, Fundi. Mimi nashangaa kwamba mnazunguka kwenye filamu za zamani wakati ipo Ma Rainey's Black Bottom ya mwaka 2020, yenye Viola Davis na marehemu Chadwick Boseman, iliyotokana na tamthilia ya August Wilson. Inatokea Chicago mwaka 1927, studio ya kurekodia, siku moja ya joto, na inaonyesha wazi jinsi wanamuziki weusi walivyonyonywa. Boseman anaigiza mpiga tarumbeta anayetaka kutunga muziki wake mwenyewe. Vijana wa tarumbeta watajiona pale kuliko kwa Handy aliyevaa suti.

Mama_Alto

Mwanangu, filamu hiyo nimeitazama na ni nzuri, lakini ina matusi tangu mwanzo, na mwisho wake una mauaji. Katika ukumbi wa usharika, na Mchungaji akiwa mstari wa mbele? Halafu si ya Handy. Ndugu yetu amesema wamekwisha kubaliana kuhusu Handy.

Dada_Mwangaza

Nimeelewa kuhusu ukumbi, Mama. Lakini suala la kwamba "si ya Handy" halinitoshelezi, kwa sababu sijashawishika kwamba Handy ndiye anayestahili jina la Baba wa Blues. Yule mtu wa Tutwiler mwenye kisu je? Waimbaji kama Ma Rainey na Bessie, na maelfu walioimba mashambani? Mtu akiandika alichokisikia anakuwaje baba yake?

Santuri_78

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1938 Jelly Roll Morton alisikia Handy akitambulishwa redioni kama mwanzilishi wa jazz na blues, akakasirika, akaandika barua ndefu iliyochapishwa katika gazeti la Down Beat, akidai kwamba yeye ndiye aliyeiunda jazz mwaka 1902. Morton alikuwa mpiga piano wa ajabu, lakini katika barua ile alimwonea Handy. Handy hakuficha kwamba aliokota vipande kutoka kwa watu. Alilisema jambo hilo kwa maandishi. Alichokifanya mwenyewe si kidogo. Chukua St. Louis Blues: inaanza na vipimo 12 vya blues, yaani vigawanyo vya mapigo katika nota, kisha katikati vinakuja vipimo 16 katika sauti ya huzuni vyenye mapigo ya tango, kisha inarudi kwenye vipimo 12. Mtu wa Tutwiler hakuwa na sehemu ile ya kati. Hiyo ni akili ya mtunzi.

Ngoma_za_Kalemie

Hapo pa mapigo ya tango nimeamka. Handy alifika Cuba mwaka 1900 na kundi la Mahara, akayasikia mapigo ya habanera palepale Havana, na yakamkaa hadi akayaweka katika wimbo ule. Sasa fikirini: mapigo ya ukoo huohuo wa Cuba yalifika kwetu Kongo kwa santuri zenye nembo ya GV kuanzia miaka ya 1930, na rumba yetu ikazaliwa. Kijana wa Afrika Mashariki anayecheza muziki wa dansi anaposikia vipimo vile 16, mguu wake unajua la kufanya kabla hajaambiwa. Kwa maoni yangu hicho ndicho cha kuwaonyesha vijana, na hakihitaji filamu yoyote. Tafuteni sahani ya Louis Armstrong ya mwaka 1954, aliyorekodi nyimbo za Handy tupu, Velma Middleton akiimba naye. Wimbo wa kwanza unachukua karibu dakika tisa na tarumbeta inawaka mwanzo hadi mwisho. Handy alikuwa hai na aliisikia.

Piano_Upanga

Armstrong sina ubishi naye. Ila watu wanaalikwa kutazama filamu, ndugu yangu. Ukiwaweka wazazi ukumbini mbele ya spika tupu, nusu watatoka.

Mama_Alto

Mnanikumbusha uchungu mwingine. Siti binti Saad alirekodi Mumbai mwaka 1928, mwaka mmoja kabla ya Bessie kusimama mbele ya kamera. Bessie tunaweza kumtazama kwa robo saa. Siti tunaisikia sauti yake tu, na mwendo wake hatutauona kamwe. Kwa sababu hiyo siwezi kuisema vibaya ile filamu ya 1929, hata ninapoizuia isionyeshwe kwa watoto.

Msomi_wa_Nota

Kuna jambo la fedha ambalo huenda likabadilisha hesabu ya Ndugu Koneti. Kwa sheria za Marekani, filamu za mwaka 1929 zimekuwa mali ya umma tangu tarehe 1 Januari 2025, na wimbo wenyewe wa 1914 uliingia huko muda mrefu kabla. Kwa hiyo ya Bessie haina haja ya kununuliwa. Ipakue kutoka hifadhi za mtandaoni, uipitie wewe na viongozi wenzako, muamue kama wakubwa wataiona siku nyingine. Ya 1958 bado ina mwenyewe, na kabla ya kuionyesha mbele ya watu wengi ni vizuri kuulizia masharti ya Bodi ya Filamu. Bado sijaikubali, lakini ikiwa fedha ni lazima ziende mahali, ziende huko, na zile dakika kumi za maelezo naomba ziwe ishirini.

Koneti_Machame

Ahsanteni sana wote. Nimeyapeleka mawazo yenu kwa kamati na hatujafikia mwisho. Mwenyekiti ameipenda ya 1958 kwa sababu ya mapatano ya baba na mwana. Katibu ameshikilia hoja ya Mwalimu kuhusu kisa cha gitaa na kamusi, anataka tumsimulie Handy kwa maneno yetu na kupiga sahani ya Armstrong. Mchungaji ameomba aitazame ya Bessie peke yake kwanza. Deki nimeijaribu kwa diski ya kuazima ya kanda 1 na imekataa, kwa hiyo kama tutanunua itabidi tutafute kompyuta pia. Wakati hayo yanaendelea, vijana wenyewe wameomba jambo moja ambalo sikulitarajia: wanataka nota za vile vipimo 16 vya tango ili waanze kuvijaribu. Nani anazo?

Santuri_78

Ninazo zote, si hizo 16 tu. Toleo la 1914 liko katika G, na sehemu ya tango iko katika G ndogo, ile sauti ya huzuni. Kwa koneti za B flati, ambazo nota zake huandikwa juu kidogo ya sauti inayotoka, ile G ya mwanzo itasomwa A, yenye shapu tatu, na wanaoanza watateseka. Naweza kuushusha wimbo wote hadi F, koneti zisome G, nikaandika sauti nne pamoja na ya chini kabisa kwa ajili ya tuba. Ila hujasema kama vijana wako wanasoma nota kwa sauti halisi, kama ilivyo desturi ya vikundi vya tarumbeta vya makanisa ya Ujerumani, au wamefundishwa kusoma kwa kupandisha. Nijibu hilo kwanza, na unitajie una koneti ngapi na trombone ngapi.